Nilishika Beseni

Levy alipozikwa, ndugu zake hawakungoja hata wiki. Walifika na gari Jumamosi asubuhi, wakatoa viti, kitanda, televisheni, nyavu mbili, baiskeli, na injini ya mtumbwi aliyokuwa ameinunua mwaka ule ule. Colette, mke wake, alikaa chini mlangoni na kitambaa cheusi kichwani, akawaangalia wakiruka miguu yake kila walipopita na kitu. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda changu cha samaki. Wateja wangu walikuwa wameacha kuchagua samaki ili watazame.

Mwisho waliingia karakana. Humo kulikuwa na mashine ya kukereza vyuma, kubwa kama ng'ombe aliyelala, rangi yake ya kijani imebaki madoadoa tu. Royd, kaka mkubwa wa Levy, aliizunguka mara moja, akaisukuma kwa mguu, akacheka kidogo. Kila mtu hapa Nchelenge alijua kwamba mashine ile ilikufa kabla ya mwenyewe.

"Hii, mulamu, ubaki nayo," alimwambia Colette. Mulamu ni shemeji kwa Kibemba. Royd alikuwa Mbemba, Kiswahili chake kilikuwa cha soko, lakini alikisema bila kukwama. "Ni ya kwako. Utaanikia nguo za mutoto."

Nilisikia kila neno. Barabara yetu si pana.

Colette na mimi tulitoka upande mmoja wa ziwa. Yeye ni mtu wa Kilwa ya Congo, mimi nimezaliwa kijiji cha jirani. Tulivuka Mweru tukiwa wasichana, mimi nikifuata biashara ya samaki, yeye akiuza vitenge, na yeye akaolewa huku. Ndoa yake na Levy ilikuwa ya wazee kukutana na kula pamoja. Haikuandikwa popote. Walikaa miaka kumi na saba, wakapata binti mmoja, Beauty.

Levy alijifunza ufundi kwenye miji ya migodi, akaipata ile mashine kwenye mnada wa karakana iliyofungwa. Colette alikuwa anashinda naye humo. Mwanzoni alifagia vipande vya chuma. Baadaye akawa anapima. Baadaye zaidi, na hili Levy hakutaka lijulikane, yeye ndiye aliyemalizia kazi ngumu, kwa sababu mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wa mumewe. Mteja akiingia, Levy anasogea kwenye mashine, Colette anachukua ufagio. Mimi niliona mara nyingi. Tulicheka naye juu ya jambo hilo, lakini yeye alicheka kidogo kuliko mimi.

Mwaka wa mwisho wa Levy, mafuta mazuri yalikuwa hayapatikani, naye akaanza kuitilia mashine chochote. Aliitilia oili chafu iliyotolewa kwenye malori. Mara moja, Colette aliniambia, aliitilia mawese. Kwenye kichwa cha ile mashine, yaani lile sanduku la chuma lenye gia ndani, kuna kidirisha cha kioo, kidogo kama kifuniko cha chupa. Mashine ikizunguka, pampu inapandisha mafuta kutoka chini, na unapaswa kuyaona yakipita pale kwenye kioo. Siku moja kioo kikawa kikavu. Levy akaanza kumimina mafuta kwa juu na kikombe, akisema atatengeneza wiki ijayo. Kisha figo zikamlaza kitandani, na mashine ikafunikwa turubai.

Kwa miaka miwili Colette aliuza vitumbua mbele ya karakana. Turubai halikuguswa. Angelinunua nani lile lichuma?

Siku aliyoligusa ilikuwa kwa ajili ya Patson. Patson ana mashine ya kusagia mihogo karibu na soko, na shafti lake lilikuwa limekatika. Alisimama kula kitumbua akingoja basi la Mansa, shafti limeviringishwa kwenye gunia miguuni pake.

"Kama Levy angekuwako," alisema, "leo ningekuwa nimesaga tayari."

Hakuwa na maana yoyote mbaya. Alikula, akapanda basi, akaenda. Colette alimaliza kukaanga, akafunika mafuta, akaingia karakana. Mchana ule umeme ulikuwapo. Nikasikia mota ikiunguruma, kisha kimya. Baada ya muda alivuka barabara, mikono imejaa vumbi.

"Mama Brigitte, inazunguka. Kioo njo kiko kikavu. Nilisikia inaanza kunuka, nikazima." Njo ni ndiyo, kwa Kiswahili cha kwetu.

"Sasa utafanya nini?"

"Mafuta iko kule chini, haipande. Kuko njia imeziba." Alikuwa hanitazami, alikuwa anatazama karakana. "Ni njia tu. Mashini haikufa. Tulikuwa tunalia juu ya mashini muzima."

Alhamisi alikwenda Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi, kumtafuta Papa Ilunga. Huyo mzee alikuwa fundi mitambo wa mgodi kule Katanga kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya vita kumfukuza. Sasa alilima mahindi kwenye kiwanja chake na mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, anaona mwanga na vivuli tu. Alikubali kuja Jumamosi, siku aliyopata ruhusa ya kutoka kwenda sokoni. Colette alimweka kwenye kiti karibu na mashine. Mimi nilimwachia jirani kibanda, nikaja kuona.

"Mi sioni," Papa Ilunga alisema. "Nitasema, na weye utafanya. Kama haukuelewa, uulize. Usifanye kwanza kisha uulize."

Wakaanza na tangi la chini. Colette alifungua kizibo, na mimi nikashika beseni. Mafuta hayakumwagika, yalitoka kwa shida, meusi, mazito kama lami, na ndani yake mabonge ya manjano. Mzee aliomba bonge moja, akalisugua kati ya vidole, akalinusa.

"Nani aliweka mawese?"

"Bwana yangu."

Papa Ilunga alijifuta kidole kwenye suruali.

Chujio lilikuwa limevaa utando mgumu, huwezi kujua kwamba ni waya. Colette alililoweka kwenye mafuta ya taa na kulisugua kwa mswaki wa meno mpaka matundu yakaonekana. Kisha akafungua mrija wa shaba unaotoka kwenye pampu kupanda hadi kichwani. Akapuliza kwa mdomo, mashavu yakamvimba, hakuna kilichotoka upande wa pili. Akafunga pampu ya baiskeli, akasukuma. Hakuna. Mzee akamwambia atafute waya wa breki ya baiskeli, auchambue, achukue uzi mmoja, auingize polepole. Uzi uliingia kama shibiri moja na nusu, ukagoma kwenye kona.

"Ziba kule mwisho, jaza petroli, uache wiki nzima," alisema Papa Ilunga. "Kichwa nacho utakisafisha ndani. Kila tundu. Nitakuya tena Jumamosi."

Wiki ile Colette hakukaanga kitumbua hata kimoja. Nilimwona asubuhi na jioni amepiga magoti, mkono umezama ndani ya lile sanduku hadi begani, anatoa uchafu na kitambaa kidogo kidogo. Beauty akitoka shule alimletea chakula, naye alikula amesimama.

Jumamosi ya pili petroli ilitoka na maji ya rangi ya chai, lakini uzi uligoma palepale. Mzee alishika mrija, akaupitisha kwenye vidole vyake polepole, akafika kwenye kona na kusimama.

"Hapa iko bapa. Mutu aliipiga na nyundo."

Colette aliuchukua, akautazama kwenye mwanga.

"Alitaka kuizibua," alisema. "Njo namna yake. Kitu ikikataa, anaipiga."

Mrija ule haukufaa tena. Nyuma ya kanisa kulikuwa na friji bovu lililotupwa miaka mingi. Colette aliomba ruhusa, akakata mrija wa shaba wa nyuma, unene ule ule. Papa Ilunga alimfundisha kuukunja bila kuuvunja: ujaze mchanga mkavu wa ufukweni, uzibe ncha zote, ukunje taratibu ukizungushia chupa. Ukakunjika vizuri kama kiwiko cha mtoto. Kisha akauosha ule mrija mpaka sisi watazamaji tukachoka. Alipitisha petroli, akapuliza, akapitisha tena. Mimi nikasema inatosha sasa.

"Haitoshi," alisema mzee. "Punje moja ya muchanga ikibakia, itakula beringi. Mama, wewe shika beseni yako."

Nikashika beseni langu.

Walipofunga kila kitu na kutia mafuta mapya, Colette alizungusha kwa mkono kwanza. Kisha akawasha mota.

"Inapita?" aliuliza mzee.

"Bado."

"Ngoja kidogo. Sasa?"

"Bado, Papa."

"Zima."

Akazima. Mzee alifikiri, mkono juu ya mashine kama daktari. Akamwambia alegeze ile nati ya juu, ya mwisho wa mrija, azungushe tena kwa mkono. Colette akalegeza. Kukatoka mapovu, yakiteta, kisha mapovu yakaisha na mafuta safi yakaanza kumtiririkia mkononi. Ilikuwa hewa tu imejifungia mle ndani. Akakaza nati, akawasha.

Kwanza kioo kililowa, kama uso unaotoka jasho. Halafu nikaona uzi mwembamba wa mafuta, wa rangi ya asali, unashuka na hausimami.

"Inapita?"

"Inapita, Papa."

Papa Ilunga alisogeza uso wake karibu kabisa na kioo, ingawa hakuweza kuona kitu. Akabaki pale anasikiliza. Colette alikaa chini sakafuni, akaegemea mguu wa mashine. Nilidhani ameshukuru Mungu kimoyomoyo, lakini alipofungua mdomo alisema hivi:

"Miaka mbili nauza vitumbua. Sababu ya mawese na nyundo."

Kazi ya kwanza ilikuwa ya Patson. Shafti alilotengenezewa Mansa lilikuwa limekatika tena. Alipoambiwa kwamba karakana inafanya kazi, alikuja, akakaa kwenye benchi, akangoja fundi afike. Colette alikuwa tayari amefunga chuma kwenye mashine na anakata. Patson alikaa karibu nusu saa akiangalia mlango, kisha akaelewa, akageukia mashine. Shafti lile linasaga hadi leo.

Baada ya hapo watu walikuja wenyewe. Wengine walitoka Kashikishi, wengine hadi Mwansabombwe, na wavuvi wa Mofwe walileta vyuma vya injini zao. Umeme ulikuwa wa saa chache kwa siku, na Colette alizijua saa zile kama mtu anavyojua saa za sala. Aliezeka nyumba bati jipya. Alimpeleka Beauty kwenye shule ya bweni. Kila Jumamosi alisafisha chujio, na mara mojamoja Papa Ilunga alikuja kukaa kwenye kile kiti na kusikiliza tu. Miezi minane ilikwenda hivyo, na sikumbuki kama nimewahi kumwona Colette ananenepa kabla ya mwaka ule.

Royd alipita siku ya soko. Alisimama barabarani kwanza, mikono mgongoni, anasikiliza. Kisha akaingia, akasalimia vizuri, akakaa kwenye kiti cha Papa Ilunga.

"Mashini ya mudogo wangu iko inazungumza," alisema.

"Niliitengeneza, mulamu."

"Nasikia. Ni muzuri. Levy angefurahi." Akatazama kila pembe ya karakana, akaaga, akaenda.

Wiki mbili baadaye ujumbe ulifika: kuna mkutano wa ukoo, Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwa Royd. Mashine ni mali ya marehemu, na mali ya marehemu ni ya ukoo. Mjane aliachiwa aitunze tu. Na tena, kama ilitengenezwa, Royd ndiye aliyemtuma yule fundi wa Mantapala.

Colette aliniletea habari hizo akiwa ametulia. "Ni uongo tupu, na batu balikuwako. Papa Ilunga atasema. Na weye utasema. Ulisikia siku ile alisema ni ya kwangu."

"Nilisikia," nilimjibu.

Papa Ilunga hakuja. Jumatano ile Royd alikutana naye njiani, akamsalimia kwa heshima, akamuuliza kama ile ruhusa yake ya soko inamruhusu pia kufanya kazi mjini, na kama angependa wakuu wa makazi waulizwe. Hakusema zaidi. Mzee alituma neno kupitia mwanamke muuza mboga: Colette amsamehe, ana wajukuu wanne pale, hawezi.

Kwangu Royd alikuja Ijumaa. Ni lazima niseme hapa kwamba vibanda vyote vya upande wangu viko kwenye uwanja wa Royd. Changu ni cha kona, karibu na kituo cha mabasi, kila mtu anakiona akishuka. Alichagua chisense, wale dagaa wetu, akawapima mwenyewe, akanilipa bila kuomba nyongeza.

"Mama Brigitte, biashara inaendelea?"

"Inaendelea, Mungu anasaidia."

"Hii kona ni ya baraka. Juzi mutu mumoja ameniomba. Nikamwambia hapana, kuko mama iko pale miaka kumi na moja, hatujagombana hata siku moja." Akachukua mfuko wake. "Jumapili nasikia utakuya. Karibu sana."

Hakunitisha. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka neno moja la kutisha, ili niliegemee, sikulipata.

Jumapili tulikaa uani kwake, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Aliyeongoza mkutano alikuwa Mzee Davies, mjomba wao, shemasi wa kanisa, mtu mpole anayesema polepole. Royd alieleza yake kwa Kibemba. Colette alieleza yake, nusu Kibemba nusu Kiswahili, na alipofika kwenye mrija na mchanga na chupa, baadhi ya vijana walicheka. Hakujali. Alieleza hadi mwisho.

"Una mtu wa kushuhudia?" aliuliza Mzee Davies.

"Niko naye. Mama Brigitte."

Wote wakanigeukia. Mzee Davies alinipa heshima yangu, akaongea Kiswahili kwa ajili yangu.

"Mama, siku ya kugawa vitu ulikuwako. Ulisikia Royd anasema mashini ni ya huyu mama?"

Nilimwona Royd. Alikuwa anatoa uzi kwenye mkono wa shati lake, hanitazami kabisa.

"Siku ile batu balikuwa bengi," nilisema. "Kulikuwa makelele. Sikusikia muzuri."

"Na kutengeneza? Nani aliitengeneza?"

"Mi nilikuwa navuka ziwa, natafuta samaki. Sikuona."

Kulikuwa na kuku pale uani, wanakwaruza. Ndio sauti ninayoikumbuka. Colette alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu. Hakupiga kelele, hakuniita mwongo. Aliongea na Mzee Davies kana kwamba anamsaidia kuandika jambo fulani.

"Alishika beseni," alisema. "Jumamosi mbili. Mafuta ilimumwangikia ku kitenge, kile cha bluu, na doa haijatoka. Alishika beseni."

"Ni kweli, mama?"

"Sikumbuki," nilisema.

Mzee Davies alishusha pumzi. Nadhani alijua. Lakini mtu mpole hawezi kuamua kwa kujua tu, alihitaji neno, na neno halikuwapo. Akasema mashine irudi kwa ukoo, chini ya ulinzi wa Royd. Akasema pia, kwa wema wake, kwamba kwa kuwa mama huyu ana ujuzi, Royd amwajiri aendeshe mashine na alipwe kila mwezi. Royd akakubali mara moja. Akasema hilo alikuwa amelifikiria tangu mwanzo.

"Hapana," alisema Colette.

Wakamwambia afikirie. Akasimama, akakunguta kitenge chake, akatoka.

Lori lilikuja Jumanne. Wanaume saba waliiviringisha mashine juu ya mabomba, hatua kwa hatua, na fundi mpya wa Royd, mtu mzima kutoka Kawambwa, aliwaongoza asije mtu akaumia. Colette alisimama mlangoni muda wote. Yule fundi ndiye aliyemwendea.

"Mama, nimeambiwa unaijua. Kuna kitu nipaswa kujua?"

Angeweza kunyamaza. Mimi nilikuwa ng'ambo, nyuma ya samaki wangu, na nilitamani anyamaze. Nilitamani mashine ile iungue siku ya kwanza, beringi zishikane, moshi utoke, ili kuwe na kitu chochote duniani kilichomjibu Royd, maana mimi sikumjibu. Colette alimwambia yule mtu kila kitu. Chujio kila Jumamosi. Mafuta ya aina moja, yasichanganywe. Mrija ni wa friji, kwa hiyo ni laini, asiukaze kupita kiasi. Aangalie kioo kabla ya kukata chochote. Fundi aliandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, akamshukuru.

Na haikuungua. Fundi yule ni makini. Mashine inafanya kazi nyumbani kwa Royd mpaka leo, wateja ni wale wale, Patson naye yumo, na Royd amejenga ukuta na geti.

Siku mbili kabla Colette hajavuka kurudi Kilwa nilikwenda kwake. Nilibeba samaki wakubwa wawili na maneno niliyoyapanga njiani, ingawa njia yenyewe ni ya kuvuka barabara tu. Alinipa kigoda. Alikuwa anakunja nguo, na aliendelea kukunja.

"Colette, mi ni mutu wa kukodi. Ningetolewa pale ningeenda wapi?"

"Najua."

"Wewe unajua Royd. Hata kama ningesema, angepata njia ingine."

"Inawezekana."

"Basi uniambie kitu. Unitukane."

Aliweka nguo chini, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha.

"Royd ni mwizi, na mwizi anaiba, nilimungojea," alisema. "Levy aliharibu mashini, aliificha kazi yangu miaka yote, na mi nilimupenda vile. Lakini weye, Brigitte, nilikuita nikijua utasema. Sikuwaza hata kidogo. Njo hiyo sijui niiweke wapi. Beba samaki zako, zitaoza, mi nasafiri."

Nikawabeba.

Alivuka Alhamisi kwa boti ya wafanyabiashara, na masanduku mawili. Nasikia yuko kwenye gereji moja kule Kilwa, anasugua vyuma kwa tupa, kwa mkono, maana hawana mashine. Nikienda kununua samaki upande ule, simtafuti. Papa Ilunga haji tena mjini. Kitenge cha bluu nilikigawa.

Beauty alitolewa bweni, akabaki huku kwa shangazi yake ili amalize shule. Kila asubuhi anapita mbele ya kibanda changu na sare yake. Mtoto yule nilimbeba mgongoni, na tangu aanze kusema tuliongea Kiswahili, mimi na yeye na mama yake, Kiswahili cha kwetu. Siku hizi ananisalimia kwa Kibemba. Anapiga goti kidogo, anapiga makofi polepole, kama anavyofundishwa mtoto mwenye adabu amsalimie mtu mzima asiyemfahamu.

"Mwashibukeni mukwai," ananiambia.

Nami najibu kwa Kibemba, na anapita.